Umeondoa programu na kuisakinisha upya, tatizo liko palepale: fanya hivi

Malalamiko ni yaleyale, kinachobadilika ni jina la programu tu. Writer, programu ya kuchapia nyaraka iliyomo ndani ya LibreOffice, inafunguka kisha inajifunga. Mtu anaiondoa, anamaliza bando kupakua upya faili lenye zaidi ya MB 300, anasakinisha, anafungua: mwambaa wa zana bado umepotea, orodha ya nyaraka alizofungua juzi iko vilevile, na baada ya dakika chache Writer inajifunga tena. Anarudia. Anarudia tena. Mwisho laptopu inakwenda kwa fundi, na fundi asiye na muda anafomati diski nzima.

Sababu ni moja. "Uninstall" inaondoa programu, haiondoi mipangilio yako. Programu yenyewe inakaa C:\Program Files. Mipangilio, kamusi uliyoijaza maneno, violezo na historia vinakaa kwingine kabisa, ndani ya folda ya mtumiaji, na waliotengeneza programu wameviacha huko kwa makusudi ili ukihamia toleo jipya usianze upya. Sasa ikiwa kilichoharibika ni hiyo mipangilio, toleo jipya likifika linaisoma kama ilivyo. Ni sawa na kuvaa shati lililofuliwa juu ya fulana chafu.

Mfano mkuu humu ni LibreOffice kwenye Windows 10 na 11, kwa sababu ni ya bure na folda yake inasomeka bila shida. Word, Firefox, VLC na printa nimezipa sehemu zao huko chini. Hatua ya kwanza usiiruke hata kama una haraka. Wanaoiruka ndio wanaopoteza siku nzima.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Akaunti ya msimamizi kwenye kompyuta hiyo, pamoja na nywila yake. Kompyuta ya ofisini ambayo nywila yake anayo mtu wa TEHAMA, mwite kwanza.
- Flashi au diski ya nje yenye nafasi. Kwa LibreOffice nafasi ndogo tu inatosha. Kwa Firefox au Chrome tenga GB kadhaa.
- Faili la kusakinishia, lililopakuliwa kutoka tovuti rasmi ya programu na kuhifadhiwa tayari. Lipakue kabla ya kuondoa la zamani. Bando likiisha au umeme ukikatika katikati ya kazi utabaki bila programu kabisa.
- Namba ya leseni, kama programu ni ya kulipia, au barua pepe na nywila uliyoisajilia.
- Simu yenye kamera. Piga picha kila ukurasa wa mipangilio unaoujali kabla hujaugusa.

Hakuna haja ya programu za "kusafisha kompyuta". Kila kitu kinachohitajika kimo ndani ya Windows.

## Hatua ya 1: Jua kwanza mgonjwa ni nani

Kuna washukiwa watatu: programu, mipangilio yako, au waraka mmoja ulioharibika. Kusakinisha upya kunatibu wa kwanza tu.

Anza na rahisi. Fungua waraka mtupu na uandike mistari michache. Kama hapo hakuna shida, na shida inakuja ukifungua barua fulani tu, basi ugonjwa uko kwenye barua hiyo. Acha mwongozo huu, nenda ukafufue nakala ya barua.

Kama shida ipo hata kwenye waraka mtupu, fungua LibreOffice katika hali salama. Kwenye menyu ya "Start" tafuta "LibreOffice (Safe Mode)". Ukiwa tayari ndani ya Writer, nenda menyu ya "Help", chagua "Restart in Safe Mode". Litatokea dirisha lenye machaguo mengi. Bonyeza "Continue in Safe Mode" bila kutia alama popote.

Hapo LibreOffice inafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: inatumia mipangilio mipya ya muda, na inazima msaada wa kadi ya picha. Kumbuka hilo la pili, tutalirudia mwishoni.

Ikifanya kazi vizuri katika hali salama, programu haina kosa. Usiiondoe. Nenda hatua ya 2 hadi ya 5, na karibu kila mara safari yako itaishia hapo.

Kwa programu isiyo na hali salama kuna kipimo kingine, na mimi nakiamini kuliko vyote: tengeneza akaunti ya pili ya Windows. Ingia "Settings", kisha "Accounts", kisha "Other users" (kwenye Windows 10 inaitwa "Family & other users"), uongeze mtumiaji. Ukiulizwa barua pepe yake, chagua "I don't have this person's sign-in information", halafu "Add a user without a Microsoft account". Ingia kwa akaunti hiyo, fungua programu. Ikikubali huko na kugoma kwako, jibu umelipata bila kugusa faili hata moja.

Dalili ya kufanikiwa: unaweza kusema kwa sentensi moja kama tatizo liko kwenye programu, kwenye akaunti yako, au kwenye waraka.

## Hatua ya 2: Ifunge programu kabisa

Kubonyeza alama ya X hakutoshi. Programu nyingi zinabaki zikiendelea chinichini, na wakati wa kujifunga zinaandika upya mipangilio. Ukibadilisha folda wakati programu bado iko hai, itakurudishia takataka zilezile.

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua "Task Manager". Tafuta soffice.exe na soffice.bin. Ukiziona, chagua kila moja na ubonyeze "End task". Kwa Firefox tafuta firefox.exe, zitakuwa kadhaa, funga zote.

Tahadhari: hifadhi kazi yako kwanza. "End task" haiulizi.

## Hatua ya 3: Ifikie folda iliyofichwa

Folda ya AppData imefichwa, ndiyo maana wengi wanaitafuta na kuikosa. Njia ya mkato ni hii: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika

%APPDATA%

kisha Enter. Utajikuta ndani ya C:\Users\JinaLako\AppData\Roaming. Ukiandika %LOCALAPPDATA% utafika kwenye folda ya jirani iitwayo Local.

Roaming ndiko kwenye mipangilio na vitu vyako. Local mara nyingi ni akiba ya muda na mizigo mizito, ingawa Chrome inaweka kila kitu huko. Ipo ya tatu, LocalLow, ambayo michezo mingi inaitumia.

Ukitaka folda zote zilizofichwa zionekane moja kwa moja, fungua "File Explorer". Kwenye Windows 11 nenda "View", "Show", utie alama "Hidden items". Kwenye Windows 10 kisanduku hicho kiko palepale kwenye kichupo cha "View". Tia alama na "File name extensions" pia, uone majina ya mafaili kwa ukamilifu wake.

Sasa ingia LibreOffice, kisha folda iitwayo 4, kisha utaona user. Usishtushwe na hiyo 4. Jina hilo linatokana na toleo la 4 la mwaka 2013, na halijabadilishwa: toleo la 5, la 6, la 7, hata 24.2 la mwaka 2024, yote yanasoma folda hiyohiyo. Ndiyo maana hata kupanda toleo hakukuponyi. Umebadilisha programu, lakini folda ni ileile iliyokusanya mambo kwa miaka.

Dalili ya kufanikiwa: ndani ya user unaliona faili registrymodifications.xcu. Hilo ndilo lenye mipangilio yako karibu yote, na ndilo mshukiwa namba moja.

## Hatua ya 4: Chukua nakala, na ujue unachonakili

Nakili folda nzima ya user kwenye flashi. Ukishamaliza, fungua flashi uhakikishe mafaili yamo kweli.

Halafu tulia dakika tano uangalie kilichomo, maana hapa ndipo watu wanapojiumiza. Anayeambiwa "futa tu hiyo folda" hajui kwamba anafuta na hivi:

wordbook. Ndani yake kuna standard.dic, kamusi yako. Kila mara ulipobonyeza "Add to Dictionary" ili Writer iache kupigia mstari mwekundu Mwanaisha, Kinondoni, mheshimiwa au wasiliana, neno lilikwenda humu. Kwa anayechapa Kiswahili kila siku, hii ni kazi ya miaka. Ifungue kwa Notepad: mstari wa kwanza umeandikwa OOoUserDict1, chini kuna vistari vitatu, kisha maneno yako, moja kwa kila mstari. Ni maandishi matupu. Unaweza kuyasoma, kuyasahihisha, hata kumpa mwenzako.

autotext. Vipande vya maandishi ulivyovihifadhi, mfano kichwa cha barua ya ofisi, viko kwenye mytexts.bau.

autocorr. Masahihisho ya papo kwa papo uliyoyaongeza mwenyewe.

template. Violezo vyako: ankara, risiti, barua ya maombi ya kazi.

basic. Makro (amri ulizozirekodi ili zijirudie zenyewe), kama unazitumia.

Vitu hivi haviharibiki kirahisi. Kinachoharibika ni registrymodifications.xcu, na wakati mwingine viendelezi, yaani vijiprogramu vya ziada ulivyoviongeza. Tofauti hii ndiyo itakayokuwezesha baadaye kurudisha mali yako bila kurudisha ugonjwa.

## Hatua ya 5: Badilisha jina, usifute

Rudi ndani ya folda ya 4. Bofya user kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Rename", andika user-zamani.

Kwa nini jina na si kufuta? Kwa sababu programu inatafuta folda yenye jina kamili user. Isipoiona inajitengenezea mpya, safi. Na kama ulikosea utambuzi, unarudisha jina la awali na hakuna kilichopotea.

Windows ikikataa na kusema folda inatumika, rudi hatua ya 2. Kuna soffice.bin bado iko hai.

Fungua Writer. Itachukua muda kidogo zaidi ya kawaida mara hii ya kwanza, iache ijipange.

Dalili ya kufanikiwa: miambaa ya zana imerudi mahali pake, orodha ya nyaraka za karibuni ni tupu, na ndani ya folda ya 4 sasa kuna mbili: user mpya na user-zamani. Kama user mpya haijajitokeza, umebadilisha jina mahali pasipo penyewe, pengine kwenye akaunti ya mtumiaji mwingine.

Fanya kazi nayo kama kawaida kwa muda. Tatizo likiwa limekwisha, ruka hadi hatua ya 9. Hujaondoa wala kusakinisha chochote, na hukuhitaji.

## Hatua ya 6: Ikibidi kuondoa, ondoa kwa utaratibu

Umefika hapa kwa sababu programu ilikataa hata katika hali salama au kwenye akaunti mpya. Sasa kuiondoa kuna maana.

Bonyeza Windows+R, andika appwiz.cpl, kisha Enter. Chagua programu, bonyeza "Uninstall".

Soma kila dirisha linalotokea. Programu nyingine zinakupa nafasi ya kufuta mipangilio papo hapo, lakini kwa kisanduku ambacho hakijatiwa alama. Chrome inauliza "Also delete your browsing data?", na VLC ina kisanduku chake cha kufuta mipangilio na akiba. Mtu anayebonyeza "Next, Next, Finish" hakioni kamwe. Kama ulishachukua nakala, tia alama. Kama hukuchukua, simama hapo hapo.

Ukimaliza, zima kompyuta na kuiwasha upya, hata kama hujaambiwa. Mafaili yaliyokuwa yakitumika hayawezi kufutwa papo hapo. Windows inayaandika kwenye orodha na kuyafuta inapowaka tena. Ukisakinisha kabla ya hapo, unaweza kusakinisha juu ya mafaili yanayosubiri kufutwa, kisha kesho asubuhi programu haipo.

## Hatua ya 7: Tafuta mabaki

Pita sehemu hizi moja baada ya nyingine:

C:\Program Files
C:\Program Files (x86)
C:\ProgramData
%APPDATA%
%LOCALAPPDATA%
C:\Users\JinaLako\AppData\LocalLow

ProgramData nayo imefichwa, na inabeba mipangilio ya kompyuta nzima, si ya mtumiaji mmoja. Kama tatizo lilionekana kwenye kila akaunti, iangalie hiyo kwanza.

Mtego uko kwenye majina. Mara nyingi folda inabeba jina la kampuni, si la programu. Firefox iko ndani ya Mozilla. Chrome iko ndani ya Google. VLC imesakinishwa ndani ya VideoLAN, lakini mipangilio yake iko kwenye folda iitwayo vlc. Usifute folda nzima ya Google, Adobe au Microsoft kwa sababu ya programu moja. Ingia ndani, ubadilishe jina la ile inayohusika tu.

Michezo ina tabia zake: maendeleo yako huenda yako kwenye "Saved Games" au kwenye "Documents" ndani ya "My Games". Mwulize mwenye mchezo kabla hujagusa, hasa akiwa mtoto.

## Hatua ya 8: Rejista ya Windows, kwa tahadhari

Rejista ni hifadhi ya ndani ambamo Windows na baadhi ya programu huandika mipangilio. Wengi wanaanzia hapa, na si mahali pa kuanzia. LibreOffice haihifadhi mipangilio yako kwenye rejista, kwa hiyo ukiisafisha huko hupati kitu. Zipo zinazohifadhi: 7-Zip, WinRAR, na Office ya Microsoft kwa sehemu kubwa.

Bonyeza Windows+R, andika regedit. Mipangilio ya mtumiaji iko chini ya

HKEY_CURRENT_USER\Software

na ya kompyuta nzima iko chini ya

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE

Kabla ya kufuta ufunguo wowote (ndivyo zinavyoitwa folda za humu), ubofye, nenda "File", chagua "Export", uuhifadhi kwenye flashi. Faili la .reg utakalopata linarudisha kila kitu kwa kulibofya mara mbili. Rejista haina kapu la taka, wala haina "Undo".

Futa ufunguo wenye jina la programu uliyoiondoa, hapo basi. Usijaribu "kupunguza uzito". Na programu zinazojitangaza kuwa zinasafisha rejista ili kompyuta iende kasi, achana nazo. Microsoft wenyewe hawaziungi mkono, na nimeona zikiharibu kompyuta nzima zaidi ya nilivyoona zikitengeneza.

## Hatua ya 9: Rudisha vyako, usirudishe ugonjwa

Ikiwa uliiondoa programu, isakinishe. Ifungue mara moja, ifunge. Sasa ina folda mpya.

Hapa ndipo kazi yote inapoharibika. Mtu amefuata kila hatua vizuri, halafu kwa furaha ananakili folda nzima ya zamani juu ya mpya ili asipoteze kamusi yake. Amerudi alikotoka.

Rudisha kimoja kimoja, programu ikiwa imefungwa, na uifungue ujaribu kila baada ya kimoja:

1. wordbook\standard.dic
2. autotext
3. autocorr
4. template
5. basic, kama ni lazima

Faili la registrymodifications.xcu usilirudishe kamwe. Ukubwa wa herufi, aina ya fonti na mengineyo, yapange upya kwa mkono ukitazama zile picha za simu. Viendelezi navyo visakinishe upya kutoka vilikotoka, kimoja kwa siku kama unaweza, ili kikiwepo kibovu ukijue.

Kuingia kwenye akaunti za mtandaoni kuwe kwa mwisho kabisa. Firefox au Chrome ukiingia tu, kiendelezi kilekile kilichokusumbua kinaweza kushuka tena chenyewe. Simu za Android zina tabia hiyohiyo: tangu Android 6.0, programu nyingi huhifadhi nakala ya data kwenye akaunti ya Google, kwa hiyo unaifuta, unaisakinisha, na yale ya zamani yanarudi bila kuulizwa.

## Kwa wanaotumia Word

Funga Word na Outlook. Bonyeza Windows+R, andika

winword /a

Word itafunguka bila viongezi na bila kiolezo chako cha msingi. Ikifanya kazi hivyo, mkosaji ni Normal.dotm au kiongezi.

Nenda %APPDATA%\Microsoft\Templates, ubadilishe Normal.dotm iwe Normal-zamani.dotm. Word itajitengenezea nyingine. Mtu ambaye kila waraka mpya unamfungukia na fonti ya ajabu au pambizo zisizoeleweka, hata baada ya kusakinisha Office upya, tatizo lake karibu kila mara liko humu. Kama bado, angalia %APPDATA%\Microsoft\Word\STARTUP. Vilivyomo vinapakiwa kila Word inapofunguka. Vihamishe kwingine, ujaribu tena.

Zaidi ya hapo kuna ufunguo wa rejista:

HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Office\16.0\Word\Data

Utoe nakala, uufute, ufungue Word. Office 2016, 2019, 2021 na ile ya kulipia kwa mwezi zote zinajiita 16.0 humo ndani, ndiyo maana kuhama kutoka moja kwenda nyingine hakubadilishi kitu.

Kamusi yako ya Word ni CUSTOM.DIC, kwenye %APPDATA%\Microsoft\UProof. Inakili mapema.

## Firefox na VLC, kwa ufupi

Firefox: andika about:support kwenye sehemu ya anwani, bonyeza "Refresh Firefox". Alamisho na nywila zinabaki, viendelezi na mipangilio iliyobadilishwa vinaondoka. Kwenye "Desktop" itabaki folda iitwayo "Old Firefox Data". Ina data zako, kwa hiyo usiisahau hapo kwenye kompyuta ya watu wengi.

VLC: "Tools", "Preferences", kisha "Reset Preferences" chini kushoto. Isipofunguka kabisa, badilisha jina la %APPDATA%\vlc.

Programu ulizochukua Microsoft Store: "Settings", "Apps", tafuta programu, ingia "Advanced options". "Repair" haifuti data, "Reset" inafuta. Anza na ya kwanza.

## Printa isiyokubali kusakinishwa upya

Draiva ya printa inabaki hata ukiiondoa printa yenyewe, na Windows inairudisha ileile mbovu ukichomeka tu waya. Kwa hiyo chomoa waya wa USB kwanza. Ondoa printa kwenye "Settings", kwenye "Printers & scanners". Halafu Windows+R, andika

printui /s /t2

Chagua draiva ya printa hiyo, bonyeza "Remove", na uchague "Remove driver and driver package". Chaguo la kuondoa draiva peke yake linaacha kifurushi ndani ya Windows. Ukiambiwa draiva inatumika, fungua services.msc, tafuta "Print Spooler", bonyeza "Restart", kisha rudi haraka ujaribu tena. Sakinisha draiva mpya, na uchomeke waya pale tu itakapokuambia.

## Kama kompyuta inakwenda kwa mtu mwingine

Hapa mabaki si usumbufu tena, ni hatari. Ukiondoa Firefox kabla ya kuuza laptopu, nywila zako zinabaki kwenye mafaili logins.json na key4.db ndani ya %APPDATA%\Mozilla\Firefox\Profiles. Mnunuzi akiendelea kutumia akaunti yako ya Windows na kusakinisha Firefox mahali palepale, itaichukua folda hiyo na kumfungulia kila kitu, isipokuwa kama uliweka nywila kuu ndani ya Firefox.

Usihangaike kufuta programu moja moja. Tumia "Reset this PC", chagua "Remove everything", na kwenye mipangilio ya ziada washa ile ya kusafisha diski. Inachukua saa kadhaa, iache kwenye chaji.

## Kama bado inagoma

Turudi kwenye lile la hatua ya 1. Ikiwa Writer ilikubali katika hali salama lakini kubadilisha jina la folda hakukusaidia, shuku kadi ya picha. Nenda "Tools", "Options", "LibreOffice", "View", uondoe alama kwenye "Use Skia for all rendering", ufunge na kufungua tena. Kwenye laptopu za zamani hili linatokea sana, na dalili yake ni maandishi yanayopotea ukisogeza ukurasa au dirisha kuwa jeusi.

Kama kila programu inasumbua, si hiyo moja tu, fungua "Command Prompt" kwa kuchagua "Run as administrator", andika sfc /scannow na usubiri ifike asilimia 100. Ikikuambia haikuona uharibifu wowote, mafaili ya Windows ni mazima. Kinachofuata ni kupima afya ya diski, na nakala za nyaraka zako zitoke humo leo.

Na ile user-zamani, iache mpaka umalize mzunguko mzima wa kazi zako za kawaida, pamoja na zile za mwisho wa mwezi. Kisha ifute.